Kubisha Hodi Horohoro: Tulivyomtayarisha Shemeji Yetu Kuvuka Mpaka

Wasafiri wengi wanaotoka Mombasa kwenda Tanga kwa barabara bado huanza safari yao majini. Huvuka kwa feri pale Likoni, kisha hushika barabara ya kusini: Ukunda, Msambweni, Ramisi yenye mashamba ya miwa, hadi Lunga Lunga, mji wa mwisho upande wa Kenya. Ng'ambo yake ni Horohoro, katika wilaya ya Mkinga, mkoa wa Tanga. Safari nzima haifiki kilomita 200, na kwa sisi wenyeji wa pande hizi huwa ni safari ya kwenda kwa ndugu tu. Mdigo wa Vanga ana wajomba zake Moa, na wa Duga amezaliwa na mama wa Lunga Lunga. Tunavuka kwa harusi, kwa maulidi, kwa mazishi. Mstari uliotugawa ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wakauanzia kwenye mlango wa mto Umba, wala hakuna mwenyeji aliyeulizwa maoni yake.

Kwa mgeni asiyetoka Afrika Mashariki, hata hivyo, Horohoro ni mpaka kamili. Hapo huulizwa jina, nia, mahali pa kulala na siku ya kuondoka, na majibu yake ndiyo yatakayoamua kama ataingia au atarudishwa. Ninaandika haya kwa sababu familia zetu nyingi sasa zina wakwe wa kigeni. Vijana wetu wako Ulaya, Ghuba na Marekani; wanaoa na kuolewa huko, kisha siku moja huja simu kwamba mke au mume anataka kuja kuwaona wazee. Wazee hufurahi, vyumba hupakwa rangi, mbuzi hutafutwa, na hakuna anayekumbuka kwamba kati ya uwanja wa ndege na ukumbi wa nyumba kuna mtu aliyekaa nyuma ya kioo mwenye muhuri mkononi.

Kwetu simu hiyo ilikuja mama alipokuwa ameshapatwa na kiharusi. Mdogo wangu anafanya kazi Hamburg, naye bado ni raia wa Tanzania mwenye pasi ya Tanzania. Mkewe ni Mjerumani aliyesilimu kabla hawajajuana. Walikuwa wameoana kwa miaka kadhaa, na mama hajapata kumwona mkwewe isipokuwa kwenye kioo cha simu. Alipoanza kuweza kutamka maneno tena, ombi lake lilikuwa hilo: aletewe mkwewe amwone. Wakaamua kushukia Mombasa, kwa kuwa mama yetu mdogo anaishi huko, na kwa kuwa kutoka Mombasa hadi Tanga ni karibu kuliko kutoka Dar es Salaam. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake, lakini maana yake ni kwamba shemeji alikuwa na milango miwili ya kubisha, si mmoja.

Nasema kubisha hodi kwa makusudi. Katika Sura An-Nur, aya ya 27 na ya 28, tumefundishwa adabu ya kuingia nyumba zisizo zetu: kuomba idhini na kuwatolea salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, basi turudi. Waalimu wetu chuoni walitusomesha aya hizo katika mlango wa adabu za nyumba na majirani. Mimi huziona zinamfaa sana mtu anayesimama kwenye dirisha la Uhamiaji. Anayebisha hodi hujitaja kwa jina lake, na husema amekuja kwa nani na kwa jambo gani. Asiyejitaja huleta shaka, na mwenye nyumba ana haki ya kushuka shaka.

Ushauri wa kwanza uliotolewa katika familia yetu ulikuwa kinyume cha hayo. Wajuzi walisema: "Aseme ni mtalii tu. Asimtaje mume kabisa. Akisema ana mume Mtanzania wataanza kumdai kibali cha kuishi." Ushauri huu nimeusikia mara nyingi msikitini kwetu, na wanaoutoa si waongo kwa tabia. Wanaogopa. Wamesikia kisa cha fulani aliyezuiliwa, nao wanadhani kilichomzuia ni ndoa yake.

Ukweli ni kwamba uongo huo hauna hata faida. Viza ya kawaida ya Tanzania, ile ya kuingia mara moja kwa muda usiozidi siku 90, inamhusu mtalii na inamhusu vilevile anayekuja kuwatembelea ndugu. Ada yake kwa mataifa mengi ni dola 50 za Kimarekani. Wamarekani wenyewe hulipa 100 kwa viza yao ya kuingia mara nyingi. Mke anayekuja kumwona mama mkwe mgonjwa, akae wiki chache, apelekwe Lushoto kuona milima na Pangani kuona bahari, kisha arudi kwake, hajavunja sharti lolote. Kibali cha kuishi humhusu anayekuja kukaa. Kwa nini basi afundishwe kumkana mumewe?

Tena afikiriwe atakavyosimama. Mume mwenye pasi ya Tanzania hupita dirisha la raia. Mke hupelekwa dirisha la wageni. Kila mmoja huulizwa peke yake. Mume, ambaye hakuzoea kusema uongo, ataulizwa "Unasafiri na nani?" naye atajibu "Na mke wangu." Mita tano kutoka hapo mke anasema hamjui mtu Tanzania. Afisa akitupia jicho upande wa pili, safari iliyokuwa halali tangu mwanzo imegeuka kuwa na dalili zote za hila.

Hata hivyo kusema kweli dirishani si neno la kumnong'oneza mgeni asubuhi ya safari. Safari yenyewe lazima ipangwe hivi kwamba ukweli wake, ukisemwa wote, uwe halali. Hapa ndipo palipokuwa na kazi kubwa kuliko karatasi zote.

Shemeji ni mwalimu wa shule ya msingi. Habari hiyo ilipowafikia wazee wa kamati yetu, waliona ni neema imeshushwa. Madrasa ina wasichana wanaotaka kujua Kiingereza na kompyuta. Mwalimu anakuja kwa nauli yake. Akae mwezi mmoja awasomeshe, bila mshahara, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Nia ilikuwa njema, na shemeji mwenyewe alipoambiwa kwa simu alifurahi mpaka akaanza kununua vitabu. Nikaombwa, kwa nafasi yangu ya ukatibu, niandike barua ya kumtambulisha kuwa mwalimu mgeni wa madrasa yetu ili aje nayo mpakani.

Sikuandika. Viza ya matembezi haimruhusu mgeni kufanya kazi, na kujitolea nako kwa sheria zetu ni kazi inayohitaji kibali chake. Wapo wanaodhani kwamba pasipo mshahara hapana kazi. Sheria haisemi hivyo. Lau shemeji angefika Horohoro na barua ile, akaitoa kwa furaha na kusema kwamba anakwenda kuwasomesha watoto, angekuwa amesema kweli tupu na kweli hiyo ingemfunga. Na lau tungemwambia aifiche barua, tungekuwa tumerudi kwenye ule ushauri wa kwanza. Muhuri wa msikiti ni ushahidi. Haupigwi juu ya jambo ambalo mwenye nalo atalazimika kuligeuza maneno mbele ya serikali.

Wazee walinielewa, ingawa mmoja alininunia Ijumaa mbili. Jambo la kusomesha tuliliondoa katika safari hii moja kwa moja, tukakubaliana kwamba siku akitaka kuja kwa kazi hiyo kamati itamwombea kibali kabla hajapanda ndege. Badala ya ile barua niliandika nyingine fupi, kama mwenyeji wake na si kama katibu: kwamba fulani, mwenye pasi namba kadhaa, ni mke wa mdogo wangu, kwamba anakuja kumwona mama yetu mgonjwa, kwamba atalala nyumbani kwetu, mtaa fulani, Tanga, na namba yangu ya simu. Nikaambatanisha nakala ya kitambulisho changu cha taifa. Barua ya namna hii si sharti la sheria. Faida yake ni kwamba mgeni asiyejua kutamka jina la mtaa hupata kitu cha kuonyesha, na afisa hupata mtu wa kumpigia.

Suala la pili lilikuwa la majina, na hili linawapata karibu wakwe wetu wote waliosilimu. Pasi ina jina alilopewa na wazazi wake. Cheti cha nikaha cha msikiti wa huko kina jina alilojichagulia aliposilimu. Tuseme pasi imeandikwa Anna na cheti kimeandikwa Amina: afisa ataona wanawake wawili. Dini haikumlazimisha mtu kubadili jina ambalo halina maana mbaya, na mimi huwashauri maimamu wenzangu na makatibu wa kamati waandike kwenye cheti jina la pasi kwanza, kisha, akipenda mwenyewe, jina jipya lifuatie. Shemeji yetu alisalimika kwa sababu Ujerumani nikaha ya msikitini peke yake haitambuliwi na serikali, hivyo walikuwa pia wamefunga ndoa mbele ya msajili wa serikali, na cheti hicho kina jina la pasi. Tukamwambia abebe hicho, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Cheti hakidaiwi kwa viza ya matembezi. Lakini ukimtaja mume, ni vyema uwe na cha kuthibitisha.

Picha ya pasi nayo itazamwe. Yake ilipigwa kabla hajavaa hijabu. Mpakani mgeni hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na uso lazima uonekane. Dada aliyevaa nikabu ana haki ya kuomba kwa upole afisa wa kike amtazame pembeni. Aombe mapema, kabla hajafika mbele ya dirisha, si baada ya foleni kusimama.

Sasa karatasi zenyewe, nazo nitazipita haraka isipokuwa moja. Kenya iliacha viza Januari 2024 na kuweka kibali cha kusafiri cha kielektroniki, ambacho mgeni huomba mtandaoni kabla ya kuondoka kwao. Kibali hicho hakimwingizi Tanzania. Wala ile viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki haimwingizi, kwani ni ya Kenya, Uganda na Rwanda tu, Tanzania haimo. Viza yetu huombwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, na waombaji wajihadhari na tovuti zinazofanana nayo ambazo hutoza zaidi ya ada halali. Pasi iwe na uhai wa miezi sita mbele, na tiketi ya kurudi iwepo.

Ile moja ninayotaka kuikalia ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mgeni anayeruka kutoka Ujerumani moja kwa moja hadi Dar es Salaam haulizwi kadi hiyo. Akipitia Kenya, akakaa Mombasa siku tatu kwa mama mdogo kisha akaja Tanga, anahesabiwa ametoka nchi yenye ugonjwa huo, naye atadaiwa kadi. Mwenzi wake vilevile. Watu wengi hawalijui hili mpaka wamefika. Chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10 tangu kuchomwa, na tangu Julai 2016 kadi yake hudumu maisha yote, hata kama imeandikwa mwisho wa miaka 10 kwa kanuni ya zamani. Wasiokuwa nayo ndio wanaoangukia mikononi mwa vishoka, ambao humwambia mgeni kwamba kwa shilingi kadhaa atapata kadi iliyokwisha kugongwa muhuri, bila sindano. Hiyo ni karatasi inayoshuhudia jambo ambalo halikutokea. Simwoni Mwislamu anayefunga Ramadhani akiinunua kwa moyo mweupe, wala simwoni akimruhusu mgeni wake aanze maisha ya ukwe kwa kuinunua.

Mizigo. Tulimwambia shemeji afungashe sanduku lake mwenyewe na asipokee kifurushi cha mtu. Kwa watu wa pwani maneno haya ni mazito, maana sisi hatusafiri bila amana: halua ya fulani, kanga za shangazi, bahasha ya jirani. Mama mdogo wetu wa Mombasa alikuwa tayari ameandaa mfuko wa kila mtu. Tukamwomba radhi, naye akakubali mfuko ufunguliwe na kupangwa upya mbele ya wote. Sababu si kumshuku yeye. Mirungi inauzwa Kenya kwa uwazi, na Tanzania ni dawa ya kulevya mbele ya sheria. Kijana wa mtaani akikupa kitita kidogo umpelekee rafiki yake Tanga, hana habari kwamba amekupa kesi. Mgeni ndiye asiyeweza kabisa kujua kilichomo katika majani ya mgomba. Dawa za mama alizokuja nazo kutoka Hamburg zilikuwa ndani ya maboksi yake, na maelezo ya daktari juu yake. Mifuko ya plastiki tuliitoa yote. Kenya imeipiga marufuku tangu 2017 na Tanzania tangu Juni 2019.

Jioni kabla ya safari nilizungumza nao kwa simu karibu saa nzima. Sikumfundisha shemeji majibu. Nilimwuliza yale maswali tu, moja baada ya jingine, naye akajibu kwa maneno yake: unakwenda wapi, kwa nani, kwa siku ngapi, utatoka kwa njia gani. Aliposita palikuwa pamoja tu, pale alipoulizwa kazi yake, kwa sababu ilimjia tena ile habari ya madrasa. Akaniuliza, "Shemeji, niseme mimi ni mwalimu?" Nikamjibu, sema, kwa kuwa ni kweli, ukiulizwa kama utafundisha Tanzania, sema hapana, kwa kuwa hiyo pia ni kweli. Mdogo wangu nilimpa agizo moja: asimjibie mkewe. Waume wetu wana tabia ya kuwa wakalimani wa wake zao hata pasipohitajika, na afisa anayemwuliza mwanamke akajibiwa na mwanamume ana kila sababu ya kuwatenganisha.

Walikodi gari dogo badala ya kupanda basi. Katika basi, foleni ya wageni ni ndefu kuliko subira ya dereva, na mgeni anayeharakishwa na kondakta hutoa karatasi hovyo na kujibu hovyo. Lunga Lunga na Horohoro sasa ni kituo cha pamoja cha mpakani: anayeingia Tanzania hashuki upande wa Kenya, bali hukamilisha kutoka na kuingia katika jengo moja upande wa Horohoro. Anayetazamia kugongewa muhuri wa kutoka pale Lunga Lunga asishtuke gari likipitiliza.

Kwa maelezo yao, afya ndiyo iliyotangulia, kadi zikatazamwa. Kisha madirisha mawili, kama nilivyosema. Shemeji aliulizwa anakwenda kwa nani. Akasema kwa mama wa mume wangu, ni mgonjwa, na mume wangu ni yule pale. Afisa, mama wa makamo, akaomba barua, akaisoma, akapiga namba yangu. Nilikuwa nimekaa barazani kwetu Ngamiani na simu mkononi tangu adhuhuri. Aliniuliza jina langu, jina la mgeni, na mgonjwa ni nani. Nikamjibu. Akasema, "Mpeni pole mama," akakata. Hayakuwa mazungumzo ya dakika mbili.

Waliochelewa ni kwa forodha, kwa sababu ya vile vitabu. Shemeji alikuwa amekwisha kuvinunua, na hakutaka kuviacha Hamburg. Vilikuwa vichache, vya watoto, na alieleza kuwa ni zawadi kwa watoto wa nyumba, akaonyesha risiti. Wakampisha.

Barabara ya Horohoro hadi Tanga ni ya lami na haina mambo mengi: minazi, vijiji vya Wadigo, kisha mashamba ya mkonge unapokaribia mjini. Mdogo wangu alimwonyesha mkewe mji ambao Wajerumani waliuanzishia reli mwaka 1893, naye akasema kwao shuleni hawakusomeshwa hayo. Walifika kabla ya magharibi. Mama alikuwa amekalishwa kitini, amevishwa kanga mpya, na alimshika mkwewe mkono kwa ule mkono wake mzima, hakuuachia mpaka adhana.

Usiku, wageni walipokwisha kutawanyika, niliomba kuiona ile pasi. Msomaji afanye hivyo hivyo, na ingekuwa bora afanye palepale dirishani: asome tarehe iliyoandikwa kwenye muhuri na idadi ya siku, kwa sababu mgeni huhesabiwa kwa zile alizogongewa, si kwa alizoziomba. Yake ilikuwa siku 90, na alihitaji 40 tu. Kwa kuwa walitaka pia kwenda Unguja, tulimkumbusha bima ya wageni ambayo Zanzibar inaidai tangu tarehe 1 Oktoba 2024, dola 44, ambayo mumewe kwa uraia wake haimhusu. Tarehe ya ndege yao ya kutoka Dar es Salaam niliiandika kwenye kalenda ya msikiti iliyotundikwa chumbani kwa mama, kwa wino mwekundu. Asubuhi nilikuta mama amemwambia mjukuu aiandike tena pembeni, kwa herufi kubwa, ili aione akiwa amelala.